Zilizorudi

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa risasi
pale Kitogani, chumba cha mwisho, ubavuni mwa ghala la mbolea.
Kabati moja la chuma, ufunguo shingoni,
daftari lenye safu nne:
Jina. Zilizotoka. Zilizorudi. Sababu.

Vuai Simai alikuja Jumanne na mguu wake
uliovunjikia katika shimo la maweni mwaka wa juzi.
Akakaa juu ya gunia, hakuomba kiti.
"Nipe risasi ya kwenda mbali.
Kutambaa siwezi tena. Mawe ya kwetu yana meno,
na nguruwe wale wana masikio kushinda majirani.
Hatua nilizozipoteza
nataka risasi inilipie."

Nikamtolea boksi mbili.
Ya kwanza nene, ndefu kama kidole cha shahada;
afisa wa mjini aliisifu: ikigonga, haiulizi.
Ya pili nyembamba, shingo imebanwa kama mrashi,
tumbo lote baruti,
kichwa kidogo hata nikakionea haya.

Hakushika yoyote. Alitoa kikobani
mizani ya marehemu bibi yake, ile ya zaafarani,
visahani viwili kama vizibo vya soda,
na choroko alizozifunga katika kitambaa.
Alikuwa na vichwa viwili vya risasi, vimekongolewa siku nyingi.
Kile kinene: adhana ya adhuhuri ilimkuta mia mbili na kitu.
Kile chembamba: sabini na mbili,
akaondoa moja iliyobunguliwa.

"Kubwa ina teke la punda," alisema.
"Hupiga nyuma kabla ya kupiga mbele.
Jicho linajua, linafumba mapema.
Ndogo hainitishi. Huenda imenyooka
kama uzi wa muashi, hatua mia mbili
haijainama kidole.
Ila upepo.
Kusi ikiwa macho, ndogo huwa kama mtoto
uliyemtuma dukani: kufika atafika,
lakini kwanza apitie kwa wenzake."

Nikaandika: ndogo, tatu.
Akatia dole gumba, wino ukabaki kuchani.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akarudi.
Akazipanga mezani, moja, mbili, tatu,
bado zina mafuta.

"Upepo?"
"Ulilala. Nilitundika uzi wa kofia katika kijiti,
haukutikisika."
"Jicho?"
"Zima."
"Nguruwe hakuja?"
"Alikuja na muhogo mdomoni, majani yananing'inia,
kama bwana harusi na shada lake.
Hatua mia mbili na arubaini. Akasimama ubavu. Kwapa wazi."
"Basi risasi ndiyo mbaya."
"Nzuri. Ingefika.
Ndiyo taabu yake, Miza: ingefika, kisha ikapita,
na mimi naijua inakokwenda ikishapita.
Kisiwa hiki ukinyoosha mkono
umemgusa mtu."

Nilimwambia safu ya mwisho ni nyembamba,
hadithi haienei.
Akafikiri, huku anajikuna gotini.
"Andika hivi: mbele yake nguruwe, nyuma yake Mtende."

Nikaandika kwa herufi ndogo ndogo
na bado maneno yakamwagikia mstari wa mtu mwingine,
Khatibu Mcha, aliyetoka na kumi
akarudi na maganda kumi na kunguru mmoja.

Mwisho wa mwezi afisa alikagua.
Miwani puani, kalamu nyekundu, akafika pale, akasita.
Mtende upi huo, akauliza,
na tangu lini mti mmoja ukazuia risasi ya serikali?

Nilitaka kumwambia ni mti wenye watu,
na kwamba saa zile za alfajiri
mmoja wao hutoka uani na ndoo,
anasukutua, anamgombeza jogoo,
naye ndiye aliyenizaa.
Nikasema, "Mkubwa, bwana. Mti mkubwa sana."
Akapiga alama ya vema.

Nguruwe, kwa habari nilizozipata,
alikula matuta sita usiku uliofuata.
Yote ya Vuai.